Tranka la bati la Gerezani, miaka 10 baadaye (maoni ya mke wa mjeshi)

Alhamisi nilikuwa Gerezani, ule mtaa wa mafundi bati jirani na Kariakoo, kumuagizia mdogo wangu tranka, kamaliza kidato cha sita na jina lake limetoka JKT mujibu wa sheria, sasa nimesimama pale juani nasubiri mzee apime bati ndo nikakumbuka kwamba tranka letu la nyumbani mwaka huu linafikisha miaka 10 na sijawahi kuliandikia hata mstari mmoja. Wakati blenda iliyokufa kwa miezi minne niliiandikia malalamiko marefu kama hati ya mashtaka. Kwahiyo leo haki itendeke.

Nyota nalipa 4 kati ya 5. Mume wangu mwenyewe ana 3 begani na hajalalamika, kwahiyo tranka nalo litulie.

Niseme mapema kwamba mwanzo halikuwa langu. Lilinunuliwa 2015 na mama mkwe, enzi hizo hanijui wala simjui, kijana wake kaitwa Monduli kwenye chuo cha maofisa akasema mwanangu hawezi kwenda kusomea uofisa na begi la mgongoni kama anaenda pikiniki. Akachukua hela yake ya mchezo, akapanda daladala kutoka Mbagala mpaka Kariakoo, akazunguka yale maduka yenye matranka ya shule yanayong'aa yamechorwa maua, akayagonga kwa kidole moja moja akasema haya makopo ya maziwa, akashuka zake Gerezani kwa mafundi wenyewe. Mzee akaanzia 80,000 wakaja kumalizana 55,000, na mama akatoa sharti moja ambalo mpaka leo ndo kipimo cha ukoo mzima. Siku ya kuchukua alivua kandambili akapanda juu ya mfuniko akasimama. Mama mkwe sio mwembamba jamani. Mfuniko ukabonyea kidogo ukarudi, akashuka, akahesabu hela, akaita mtu wa mkokoteni. Hii hadithi nasimuliwa kila sikukuu tukikutana na kila mwaka kilo zake kwenye hadithi zinaongezeka.

(Pembeni kidogo: watu wanapita Kariakoo kila siku hawajui kwamba hata jina lenyewe ni la kijeshi. Vita ya kwanza ya dunia Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, walioweka kambi pale, watu wakalitamka wanavyolisikia ikawa Kariakoo. Kwahiyo mama mkwe kumnunulia mjeshi sanduku la kubebea mizigo kwenye mtaa wa wapagazi wa jeshi, mi naona ilikuwa imeandikwa.)

Sasa lenyewe. Futi 3 urefu, futi moja na nusu upana, kina karibu hivyohivyo. Bati ni geji 24. Hapa kwenye geji ndo wengi tunapigwa kwa sababu tunadhani namba kubwa ndo bati nene, kumbe ni kinyume, namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, kwahiyo muuzaji akikwambia kwa madaha "mama hili geji 32 kabisa" ujue anakuuzia karatasi. Kingo zimekunjwa mara mbili kabla ya kugongwa, sio zimechomelewa juujuu, na hii unaijua ukipitisha kidole ndani bila kuchanika. Bawaba tatu nyuma, zote zimeshikwa na riveti, komeo mbili mbele za kufuli, mikono miwili ya nondo nyembamba pembeni. Rangi bluu iliyoiva, chini yake praima. Juu ya mfuniko kuna jina la baba mtoto na namba yake kwa rangi nyeupe ambazo hapa hamtaziona, msinitafutie kesi.

Huko Monduli sijawahi kufika kwahiyo nasema nilichosimuliwa. Baridi, ukaguzi, tranka liko mguuni mwa kitanda na kila kitu ndani kina sehemu yake, shati hapa, soksi hapa, mswaki umelala upande huu, ukikosea sentimita moja siku yako imeisha. Mwanaume alitoka pale na nyota ya kwanza, Luteni Usu, na ugonjwa ambao haujapona mpaka leo wa kupanga soksi. Nikiingiza mkono kwenye tranka kutafuta cheti cha mtoto nikatoa, jioni akirudi anajua. Haulizi kwa ukali, anauliza tu "nani kafungua?" kama ndani ya nyumba tuko kumi na tano.

Tulipoanza uchumba 2016 alikuwa anakaa na wenzake, kageto ka chumba kimoja, na siku ya kwanza kunikaribisha nikakuta godoro chini, pasi, na hili tranka limekaa katikati ya chumba limefunikwa kitambaa cheupe kama altare. Akaniambia karibu kiti. Nikakaa juu ya tranka. Nikamwambia shoga yangu jioni ile kwamba huyu kaka ana mke tayari, tena mkubwa, mi nikiingia naingia bi mdogo. Tulicheka lakini sikuwa mbali na ukweli, kwa sababu vitu vyake vyote vya maana vilikuwa mle, vyeti, sare ya sherehe, buti za akiba, kiwi, brashi, picha ya babu yake, na ufunguo alikuwa anauvaa shingoni pamoja na rozari.

Kuoa nako kwa wenzetu sio unakurupuka. Kuna kibali, anaandika barua kwa mkuu wake anasubiri, mi nikawa nasubiri barua ya ndoa yangu kutoka kwa mtu ambaye sijawahi kumuona, nikasema kweli nimeposwa na serikali. Ikaja. Tukafunga Jumamosi ya tarehe 14 Julai 2018, ukumbi mzima wanaume wanazungumzia fainali ya kesho yake Ufaransa na Croatia, lakini pale kanisani nje maofisa wenzake walipojipanga mistari miwili wakainua panga za gwaride tukapita chini yake, hata bibi yangu wa Kisarawe ambaye alikuwa anasema "mwanajeshi atakuua na upweke" alipiga kigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kicheni pati walinipa begi kubwa la magurudumu la zambarau. Zuri mno. Nilimwambia mume wangu sasa tranka tulipumzishe sisi ni watu wa kisasa. Fungate tukaenda Bagamoyo na begi la zambarau, gurudumu moja likang'oka siku ya kwanza tu kwenye ile njia ya mchanga na mawe, siku ya nne simu ikaita akatakiwa kazini, nikarudi Dar nalivuta begi la magurudumu matatu linachechemea stendi nzima wananiangalia. Fungate siku saba ilikuwa siku nne. Begi liko kwa mama sahivi linahifadhi sufuria.

Kota tuliyopewa ilikuwa chumba na sebule, safi, ukuta umepakwa chokaa, na tulikuwa na godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6, ndoo mbili na tranka. Hela ya zawadi tulinunua kabati Keko, kabati la mninga la nguvu kweli, fundi kajitahidi, likafika mlangoni likakataa kuingia. Likageuzwa, likalazwa, likasimamishwa, vijana wa kikosi wanne, Meja wa nyumba ya jirani akatoka na kikombe cha chai kutoa maelekezo, wapi. Liko Mbagala kwa mama mkwe mpaka leo, yeye anasema ni zawadi. Kwahiyo miezi minne ya kwanza ya ndoa yangu samani ilikuwa moja. Asubuhi tranka ni meza ya chai. Mchana nikiwa peke yangu ni kiti cha dirishani nachambulia mchele. Jioni televisheni ya inchi 24 imekaa juu yake. Usiku ndo linafunguliwa kila kitu kitoke kila kitu kirudi, maana kesho yake yeye ni ofisa wa zamu na gwanda lazima lipigwe pasi, sasa ili ufungue lazima ushushe televisheni, ushushe kitambaa, ushushe vikombe, mi nikajikuta najua kwata bila kupitia depo.

Kuna duara jeusi juu ya mfuniko, hilo ni langu. Nilitenga sufuria ya wali ya moto moja kwa moja bila kitu chini, rangi ikaiva ikabanduka. Alilitazama kama dakika moja nzima. Alafu akasema haya sasa limekuwa letu wote wawili. Hiyo ndo siku mi nahesabu niliolewa.

Maisha ya kota kwa ambao hamjui, ni kama kijiji ila kina parapanda. Unaamka na parapanda, unalala nayo. Kina mama wana vyeo vya waume zao hata kama hakuna anayesema, mke wa Luteni ukiwa mgeni unajua mwenyewe kwenye kikao cha kina mama unakaa wapi na unaongea wa ngapi, ila ukipata msiba au uchungu wa kuzaa saa nane usiku vyeo vyote vinafutika anakuja mama Kanali na kanga moja anasukuma gari. Nililia sana miezi ile ya kwanza, sio kwa kuteswa, kwa kuchoka kusubiri. Watu wanadhani mke wa mwanajeshi anaogopa vita. Hamna vita. Kuna zoezi, kuna kozi, kuna zamu, kuna mgeni wa kitaifa anakuja, kuna Desemba 9, kuna kuhesabu mablanketi ya ghala lote kwa sababu moja halionekani. Baba mkwe wangu ambaye alikuwa mbele huko Kagera 1978 mpaka 79 anatucheka kabisa, anasema nyie jeshi lenu la pasi na kiwi.

Na jina la utani analomuita mwanae ni "ofisa wa korosho". Hapa ndo nifike kwenye mtihani mkubwa wa tranka.

Novemba 2018 mnakumbuka Rais Magufuli aliagiza jeshi liende kusini kukusanya korosho za wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wafanyabiashara kuleta bei za ajabu. Sisi tuliona kwenye taarifa ya habari kama wananchi wengine. Siku chache baadae akarudi mchana, kitu ambacho hakijawahi kutokea, nikajua. Alipanga tranka dakika 12. Mi nililia kama dakika 40, yani alimaliza akakaa juu yake akanisubiri nimalize. Ndoa ina miezi minne, mimba ina miezi miwili nilikuwa sijamwambia hata mama yangu, na mwanaume anaenda, sio vitani, anaenda kupima magunia. Nilishindwa hata kujua nihuzunike kwa kiwango gani. Ungekuwa vita ningejua cha kufanya, kuna nyimbo zake.

Likapakiwa kwenye roli na mengine, njia ya Mtwara ile, daraja la Mkapa pale Rufiji, likakaa maghalani huko miezi. Alirudi nalo Februari. Mfuniko una mikwaruzo, kona moja imebonyea, na madoa ya kahawia mazito upande mmoja, mafuta ya ganda la korosho mbichi. Hayo mafuta sio ya mchezo, yanaunguza ngozi, vijana walikuwa wanababuka mikono, lakini bati halikutoboka, rangi tu ndo ilibadilika. Ila harufu! Nimejaribu sabuni, nimejaribu ndimu na chumvi, nimejaribu magadi, nimelianika juani wiki nzima kina mama wanauliza mmefungua kiwanda, harufu ikakaa mwaka. Na kwa aibu nakiri mimba ile ilikuwa inaipenda. Nilikuwa nafungua mfuniko akiwa kazini nainama nanusa. Mtoto alizaliwa Juni na mpaka leo ana miaka sita akiona korosho anatulia.

Wakati nalisafisha ndo nikaona ndani ya mfuniko kabandika karatasi ya daftari kwa selotepu. Tarehe zangu za kliniki. Nilikuwa namtumia kwa meseji kila nikitoka hospitali, basi tu kumjulisha, uzito huu, damu hii, rudi tarehe fulani. Kaziandika zote kwa peni na kila moja kaiwekea alama ya vema pembeni. Mtu ambaye kwenye simu alikuwa anajibu "sawa, nimepata" kama yuko kwenye redio ya upepo. Sikusema kitu. Karatasi sikuitoa, niliosha kuizunguka na iko palepale, imekuwa njano.

Haya turudi kwenye bidhaa msije mkasema nimewaita bure.

2020 tukahamishwa bara. Mtoto keshakuja, vitu vimezaana, tranka moja halitoshi. Mi nikawa na haraka nikasema Gerezani mpaka niagize nisubiri siku nne, ngoja ninunue la dukani, duka silitaji, 48,000, jekundu lina waridi juu yake. Nilimtumia mama mkwe picha akajibu neno moja: "umepanda?" Sikuwa nimepanda. Kwenye roli mtu akaweka mtungi wa gesi juu ya lile waridi. Tumefika usiku, mvua, vijana wa kikosi kipya wamekuja kwa heshima zote kutushushia mzigo, shikamoo mama, pole na safari mama, mmoja akashika mkono wa tranka jekundu akavuta, mkono ukabaki mkononi mwake na tranka likafunguka tumbo. Nguo zangu za ndani zote, jamani zote, zikamwagika kwenye tope mbele ya taa za gari. Wale vijana wakageuza shingo kwa pamoja kama wameamriwa macho kulia. Mume wangu akavua koti la mvua akafunika. La bluu lilikuwa limekaa chini kabisa ya mzigo, juu yake friji, halikuwa na habari.

Kwahiyo tofauti ya 55,000 na 48,000 ndo hiyo, mkitaka kujua.

Nyota moja niliyokata sasa. Kwanza kutu. Kota yetu ya kwanza ya Dar upepo wa bahari ulikuwa unafika vizuri tu, na chumvi ile inakula bati polepole kuanzia chini, kwa sababu sakafu ya saruji inatoa unyevu na sisi tulilikalisha chini kavukavu bila kitu. Masika ya 2019 nimefungua nikakuta buti zimeota koga za kijani kama mkate na shuka zina alama za kutu. Ningejua mapema ningeliweka juu ya vipande vya mbao au tofali, nikaweka magazeti ndani, na nikawa nalifungua likapumua jua likiwaka. Hii fundi angetuambia. Hakusema, hatukuuliza. 2023 tuliporudi Dar nilimpelekea, akakata sehemu mbili zilizolika akaweka viraka na akaongeza mikanda miwili ya chuma chini kama miguu, 15,000, toka hapo limetulia.

Pili kelele. Ukilifungua usiku mtoto amelala, bawaba zinalia kama geti la kambi. Mafuta ya cherehani yanasaidia wiki mbili. Tatu uzito, tupu tu linahitaji mtu na nusu, mdada peke yake usijidanganye na bodaboda hawalitaki, utachukua bajaji au kirikuu na hiyo ni hela nyingine. Na usilisukume kwenye vigae, nimeshalipa fidia kwa mwenye nyumba.

Watu wananiambia siku hizi kuna masanduku ya plastiki mazuri, mepesi, unaona cha ndani, hayaoti kutu. Kweli ninayo mawili ya nguo za mtoto. Lakini panya wa kota ya bara alitoboa moja kwa usiku mmoja akazaa humo kwenye sweta, na plastiki huwezi kukalia ukala wali.

Sasa maelekezo. Ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani huhitaji kuuliza mtu, sikiliza nyundo. Mafundi bati na vyuma ni wengi, bei zao hazijapishana sana, tofauti ni bati lenyewe, kwahiyo mwambie akuonyeshe shiti kabla hajaikata na umwambie mapema kwamba siku ya kuchukua utasimama juu. Anayeshtuka mwache. Wa kwetu ni mzee mmoja mfupi ana miwani imefungwa kwa waya, jina lake sijui mpaka leo kila mtu anamuita Mzee tu na watatu wanageuka. Asubuhi ndo yuko vizuri, baada ya saa tisa anakuwa mkali. Advansi nusu. Akikwambia Jumatano ujue Ijumaa. Alhamisi hii la mdogo wangu dogo kidogo, futi mbili na nusu, kaanzia 120,000 nikamshusha mpaka 95,000 na nimeacha advansi 50,000, mambo yamepanda sio kama 2015.

Mdogo wangu alitaka lipakwe kijani cha jeshi. Mzee akamuangalia juu ya miwani akamuuliza wewe mjeshi? Akasema naenda JKT. Mzee akasema miezi mitatu? Chukua bluu. Dogo akachukua bluu. Tena mwenyewe alikuwa anataka kwenda na begi tu, anasema orodha ya vitu ni fupi, bukta, raba, shuka, atabeba tranka zima la nini. Nikamwambia hilo sio la kwendea ni la kurudia.

Mzee alinikumbuka, au alijifanya. Akauliza lile la Monduli liko wapi nikasema lipo, lina miguu yako. Akasema bawaba zitakuwa zimechoka hizo, lilete nikubadilishie zote tatu bila hela, nichukue tu ya riveti. Nimefika nyumbani nimemwambia afande. Kakataa. Anasema kubadilisha bawaba ni kazi ya siku mbili, na hizo siku mbili vitu vyake vitakaa wapi?